Sanduku Lililosema Mjini Likanyamaza Nyumbani

Nimebeba mizigo ya watu kupanda Mlima Kenya tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Nimeona barafu ikiwaka kama kaa la moto jua linapochomoza, nikaona wazungu wazima wakilia kwa kuona, na mimi nikilia kwa baridi. Lakini siku niliyovua kofia mwenyewe ndani ya nyumba, bila kuambiwa na mtu, sikuwa mlimani. Nilikuwa sebuleni kwa dada yangu hapa Naro Moru, nimepiga magoti mbele ya kompyuta kuukuu, na mimi kompyuta siijui hata kuiwasha.

Huyu dada yangu ndiye kitinda mimba kwetu, na alizaliwa haoni. Watu wa misheni walipokuja na gari kuuliza boma gani lina mtoto asiyeona, baba yetu alifikiri kidogo akasema, "Huyu haoni mbuzi, mchukueni. Huyu mwingine mbuzi anawaona vizuri sana, muache." Huyo mwingine ni mimi. Kwa hivyo niliishia darasa la tatu, naye akasoma mpaka akawa mwalimu. Macho yangu ndiyo yaliyoninyima shule. Nikimwambia hivyo yeye hucheka mpaka anashika mbavu, ananiambia, "Wewe ulinyimwa na uvivu. Mbuzi ni kisingizio."

Alifundisha watoto wasioona miaka mingi. Alisoma kwa vidole, zile nukta nundu zinazochomoza kwenye karatasi ngumu kama upele. Nyumbani kwake kulikuwa na vitabu vikubwa kama matofali, na ukipita jioni unamkuta amekaa gizani, taa hajawasha, aiwashe ya nini, vidole vinatembea na uso unabadilika. Mara anakunja uso, mara anatabasamu. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni namtazama tu. Anajua niko. Ananiambia, "Ingia ama utoke, unaniletea upepo."

Halafu ukaja ugonjwa wa sukari. Wengine unawala miguu, yeye ulimla vidole. Havikukatwa, hapana, viko vyote, lakini vilikufa ganzi. Aliniambia kugusa kitabu ni kama kugusa blanketi. Siku moja nilimkuta ameshika ukurasa ameuweka mdomoni, anaupitisha polepole kwenye mdomo wa chini, anajaribu kusoma kwa mdomo. Aliposikia kiatu changu akaushusha haraka, akaniuliza kama mvua imenyesha huko juu. Nikamjibu habari ya mvua. Hiyo siku sikukaa.

Kilichomwokoa ni lile sanduku. Shule aliyofundisha ilikuwa inatupa kompyuta za zamani, na mwanafunzi wake mmoja wa zamani, naye haoni, akamwombea moja. Akamwekea ndani mfumo unaoitwa Linux, ambao haununuliwi na haubagui mashine nzee. Ndani ya Linux mna programu ya kusoma skrini. Chochote kilichoandikwa pale kwenye kioo, yenyewe inakitamka. Sauti yake ni kama ya mtu aliyebanwa pua akiharakishwa na askari. Mimi siku ya kwanza niliogopa. Lakini dada yangu aliegemeza kichwa akasikiliza, akasema, "Basi nimerudi." Vibonye vya kuandikia viligongeka hata na vidole vyake vilivyokufa, kwa sababu vinazama na kurudi, anavisikia kwa mkono mzima. Simu hizi za kioo alizikataa. Alisema ni kama kupapasa dirisha.

Akasoma, bwana. Asubuhi mpaka jioni. Kuku walisahauliwa.

Sasa hapo ndipo sauti ilipopotea. Asubuhi moja aliwasha sanduku likaunguruma kama kawaida, halafu kimya. Akabonyeza hapa na pale, kimya. Wewe unayeona, kompyuta ikikosa sauti unasema leo hakuna muziki. Yeye ikikosa sauti hakuna kompyuta. Kioo kinawaka bure kama taa iliyoachwa kwenye nyumba ya mtu aliyehama.

Nilifika nikamkuta amekaa mbele yake, mikono mapajani.

"Taa zinawaka?" akaniuliza.

"Zinawaka."

"Kuna maandishi?"

"Yako mengi."

"Basi iko hai," akasema. "Imenyamaza tu. Mtu aliyenyamaza si maiti."

Jirani yangu hupeleka kabichi Nyeri kwa pikapu. Tukalifungasha sanduku, mke wangu akalivua kitambaa chake kisichafuke. Hapa niseme kidogo, maana kuna watu hawajui kwetu. Katika nyumba za huku hakuna kitu kinachokaa uchi. Kiti kina kitambaa, meza ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa gesi nimeuona umevaa. Wanawake hufuma kwa sindano ya ndoano wakiwa kanisani, kwenye chama, kwenye foleni ya hospitali. Mke wangu na dada yangu ni mawifi wanaopendana, jambo ambalo si la kawaida, na huyo wangu alipoona sanduku linakaa wazi kama yatima alilifumia kitambaa cheupe chenye maua ya waridi, kinalala juu na kuning'inia mbele. Kikalipendeza. Lilifanana na bibi anayeenda ubatizo.

Tulifika Nyeri sanduku likiwa limekaa katikati ya kabichi. Fundi ni kijana mpole, ana kibanda karibu na soko. Alichomeka kioo chake, akachomeka spika zake, akawasha. Na sanduku likasema! Likaanza pale pale kupayuka na sauti yake ya pua, mpaka mwanamke aliyekuwa ananunua chaja akaruka.

"Guka," fundi akaniambia, yaani babu, "hii haina shida. Mgonjwa wako ni spika za nyumbani."

Nikampigia dada yangu simu, nikaiweka karibu asikie. Nilisikia tu anapumua, na sanduku linasema, halafu akaniambia, "Lete. Lete sasa hivi."

Nikapita duka la umeme la familia moja ya Wahindi, wako Nyeri tangu babu zao. Mama wa duka ni mzee kama mimi na Kikuyu anakisema kunishinda. Alinijaribia spika mpya pale kaunta, zikalia vizuri. Akaniambia, "Zikikataa rudi, lakini hazitakataa." Nikarudi nyumbani kama mtu anayeleta mtoto kutoka hospitali.

Tukaziunganisha. Mke wangu akapanguza vumbi la kabichi, akalivalisha sanduku kitambaa chake. Dada yangu akakaa, akajiweka sawa, akawasha.

Kimya.

Kai! Tukachomeka zile spika kwenye redio, zikaimba. Tukazirudisha kwenye sanduku, bubu. Nikalirudisha Nyeri wiki iliyofuata, mara hii nikiwa na spika zile zile mkononi. Fundi akawasha. Likasema. Akanitazama kwa huruma, vile mnatazama mzee aliyesahau mlango wa nyumba yake. Alisema labda aweke mfumo mwingine, afute kila kitu aanze upya, lakini dada yangu alikataa kwenye simu kwa sauti ambayo hata fundi alisimama wima. Nikalirudisha. Likanyamaza.

Basi watu wakaanza kusema. Wa kwanza alisema ni umeme wa Naro Moru, ni mwembamba. Mwingine akasema ni baridi ya mlima, mashine ya mjini haijazoea. Mke wangu akataka mchungaji aje. Mimi, nitasema ukweli, niliamini baridi. Kwa sababu huko juu, karibu na mawe makubwa, mahali ambapo hata upepo unachoka, nimewahi kuita mwenzangu aliye mbele yangu na sauti isimfike. Inatoka mdomoni inaanguka kwenye theluji. Nikafikiri, kama sauti ya mtu inaweza kuanguka, ya sanduku je? Nikaliwekea jiko la makaa karibu. Dada yangu akanusa, akauliza, "Unachoma nyama?" Nikaliondoa.

Mtoto wa dada yangu anakaa Nyeri, ni mtu mzuri, ana familia. Alipopata habari alisema, "Mama, hicho kitu ni kizee. Jumapili nakuja na gari, nakichukua niwapelekee watu wa vyuma chakavu, nakuletea redio nzuri." Alisema kwa upendo. Dada yangu akamjibu sawa. Alipokata simu aligeukia upande wangu.

"Redio inasoma inachotaka yenyewe," akaniambia. "Mimi nataka kusoma ninachotaka mimi. Jumapili usiende kanisani. Utakuwa macho yangu."

"Mimi Kiingereza sijui."

"Herufi unajua?"

"Zile kubwa kubwa."

"Zinatosha."

Basi Jumapili hiyo, kengele ya kanisa inalia kule chini, mimi nimepiga magoti sebuleni na miwani ya mke wangu, kwa sababu yangu ilipasuka. Mke wangu naye akakataa kwenda, akasema hawezi kumwacha wifi yake afarijiwe na mwanamume. Akawa anaingia na kutoka na chai.

Dada yangu alibonyeza vibonye vitatu kwa pamoja.

"Umeona nini?"

"Dirisha jeusi."

"Vizuri." Akaandika neno refu bila kusita, kwa vidole ambavyo havijui kama vimegusa. Akagonga. "Sasa?"

"Kuna fito. Fito zimesimama kama za boma la ng'ombe, zingine ndefu zingine fupi. Chini ya kila fito kuna jina."

"Anza kushoto. Nisomee jina, halafu uniambie alama iliyo juu yake."

"M, A, S, T, E, R. Juu yake sifuri mbili."

"Sifuri mbili ni mdomo wazi. Endelea."

Nikaendelea. Nilisoma herufi moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, na yeye anaziunganisha kichwani. Sikujua ninachosema. Yeye alijua. Nikafika fito moja nikamwambia, "F, R, O, N, T, lakini hapa si sifuri. Ni M mbili."

"Ahaa! Huyo amefungwa mdomo." Akagonga kibonye kimoja. "Sasa?"

"Zimekuwa sifuri!"

Tukanyamaza sote watatu tukisikiliza. Hakuna. Jogoo tu nje.

"Nilidhani umemfungua," mke wangu akasema.

"Nimefungua mlango mmoja, wifi. Nyumba ina milango mingi. Endelea wewe mzee, usinilalie."

Jasho lilikuwa linanitoka. Na hapo ndipo nilipoanza kushangaa, maana alikuwa anatembea ndani ya lile sanduku. Mimi naliona na sijui kitu kiko wapi. Yeye halioni na anajua chumba hiki kinafuata kile, hapa kuna ngazi, hapa inama. Mlimani mimi ndiye niliyekuwa nawaongoza watu kwenye ukungu, nawaambia weka mguu hapa, usiweke pale, na walikuwa wananitazama kama malaika. Sasa nilijua walichokuwa wanakiona.

Fito ya mwisho haikuwa fito. "Hapa pana jina peke yake," nikasema. "A, U, T, O, halafu kistari, halafu M, U, T. Limekatika hapo. Na juu yake E, N, A, B, L, E, D."

Mikono yake ilisimama.

"Rudia."

Nikarudia.

"Inajiziba yenyewe," akasema polepole. "Mtu akichomeka zile za kuweka masikioni, mashine inafunga spika, ili imsemeshe huyo peke yake. Inadhani kuna mtu amezivaa." Akafikiri. "Naweza kuikataza isijizibe. Lakini kwanza nataka kujua imemsikia nani."

Kisha akafanya jambo la kiualimu. Alitoka kwenye lile dirisha jeusi, akafungua kitabu alichokuwa anakisoma, akaiamuru mashine isome mfululizo. Kimya kile kile.

"Sasa inasoma," akatuambia.

"Nani?" mke wangu akauliza.

"Hiyo. Inasoma hapa, sasa hivi, ila hatuisikii. Tukigusa palipo na shida tutajua mara moja. Mzee, nyuma yake kuna waya wa spika?"

"Upo, umekaza."

"Kuna waya mwingine wa sauti?"

"Hakuna."

"Mbele kuna matundu mawili ya mviringo, madogo, yamekaa pamoja kama pua. Kuna kitu ndani?"

Nikatazama. "Siyaoni. Kuna kitambaa."

"Kiinue."

"Hakiinuki. Kimeshikwa."

"Kimeshikwa na nini?"

Nikaisogeza miwani karibu. Mke wangu alikuwa amesimama na birika, akaliweka chini.

"Na vijiti," akasema yeye. "Paka alikuwa anakivuta kila siku kinaanguka. Nikaona sanduku lina matundu mawili mbele, nikasema hawa watu waliotengeneza hii wana akili, wameweka mahali pa kufungia kitambaa. Nikachonga vijiti viwili. Vikaingia sawasawa, kama vya hapo." Halafu kwa sauti ndogo, "Nikivua kitambaa kwa ajili ya safari navitoa. Mkirudi narudisha."

Dada yangu akanyoosha mkono hewani kuelekea kwangu, kama anayetaka kushikwa.

"Chomoa," akasema.

Nikachomoa cha kulia. Kimya.

"Hilo ni la kusemea," akasema. "Chomoa cha pili."

Kijiti cha pili kilikuwa kimekaza. Nikakizungusha. Kikatoka.

"...kutoka kwenye vijito vya milimani mpaka baharini, bila kula," ikasema ile sauti ya pua, kubwa, katikati ya sebule, katikati ya sentensi, "kwa sababu tumbo lake limeshaanza kunywea..."

Haikuanza mwanzo. Haikusema hodi. Ilikuwa inaendelea! Nilikaa chini sakafuni. Ilikuwa kweli inasoma muda wote huo sisi tukipapasa, na wiki zile zote kabla, kila asubuhi dada yangu alipoiwasha na kukaa mbele yake mikono mapajani, ilikuwa inamsomea. Haikuwahi kunyamaza hata siku moja. Ilikuwa inakinong'onezea kijiti cha mti wa uani, ikiamini ni sikio la mtu. Kofia nilijikuta nimeishika mkononi. Mpaka leo sijui niliivua saa ngapi.

Mke wangu alikuwa analia. "Wifi, mimi ndiye nimekuziba. Mimi na kitambaa changu."

"Shh," dada yangu akasema. "Nyamaza, nasikiliza."

Hakuwa na hasira. Nafikiri hakuwa amesikia hata neno. Uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa jioni bila taa, mara unakunja mara unafunguka.

Tulisikiliza sote. Kilikuwa kitabu cha samaki, na sura ile ilikuwa ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Mimi namjua mkunga. Tulikuwa tunamkuta kwenye mito yetu tukichunga mbuzi, tunakimbia tukidhani ni nyoka. Sanduku likasema kwamba huyo samaki hazaliwi hapa. Anazaliwa baharini, mbali sana ambako hakuna mtu amemwona akizaliwa, anakuja mdogo kama uzi, anapanda mto, anapanda maporomoko, anapitia mawe mabichi kwa tumbo mpaka kwenye maji baridi ya mlima. Anakaa miaka. Halafu usiku mmoja wa mvua anageuka, anashuka mto wote tena kwenda kuzaa alikozaliwa, na kufa.

"Hao hao wetu?" nikamuuliza dada yangu.

"Hao hao wetu."

Mimi nimeukanyaga mlima huu maisha yangu yote, nikajiona ndiye ninayeujua kwa kupanda na kushuka. Kumbe chini ya daraja kuna kiumbe kimepanda kutoka baharini kwa tumbo, hakina mguu hata mmoja.

Gari likasimama nje. Mtoto wake aliingia na koti la kanisani, na redio mpya chini ya kwapa bado iko kwenye boksi, amejiandaa kusema maneno ya kumfariji mama. Akasikia ile sauti. Akatutazama, mimi niko sakafuni na miwani ya kike, mke wangu ameviokota vile vijiti viwili, amevishika kama mtu aliyekamatwa navyo.

"Mjomba, imekuwaje?"

"Kaa chini, mpwa," nikamwambia.

"Mama? Sasa niichukue ama—"

Dada yangu aliinua kidole kimoja, hakugeuza kichwa.

"Mkunga ndiyo kwanza amefika mdomoni mwa mto," akasema. "Maji yameanza kuwa ya chumvi. Ngoja."

Basi mtu mzima akaweka redio yake chini, akatafuta mahali kwenye kochi, akakaa na mikono yake mapajani, akangoja.